Kilele kiko wapi hasa? Jinsi tunavyokisaka kwa leza

Wiki iliyopita mdogo wangu aliyeko Dodoma, anasomea upimaji ardhi, kanipigia simu. "Sasa kaka, kwani kilele nacho kinatafutwa? Si unapanda tu mpaka pasipo na pa kupanda tena?" Nikamwambia ngoja nikuandikie, kwa simu hatutamaliza, na najua wapo wengi wenye swali hilohilo.

Mlima wenye ncha hauna shida, unafika unakaa juu ya jiwe la mwisho, basi. Ila vilima vingi havina ncha. Mi nafanya kazi Manchester, na mlima wa jirani huku ni Kinder Scout, ukishamaliza kuupanda unakuta uwanda mpaaana wa udongo wa mboji, mweusi, umekatwakatwa na mitaro inayokuzidi kimo, na popote utakaposimama unaona kule mbele ndo pako juu, ukienda kule unageuka nyuma unaona ulikotoka ndo juu. Macho hayafai kabisa sehemu kama ile. Bikoni, ile nguzo ya saruji ya wapimaji, iko pale panapoitwa Kinder Low, mita 633, watu wanaigusa, wanapiga picha, wanashuka wakijua wamemaliza, wakati ramani inasema sehemu ya juu kabisa ni mita 636 na iko zaidi ya nusu kilomita kutoka hapo!

Na wala sio kosa la waliojenga. Uingereza walianza kusimamisha zile nguzo za saruji mwaka 1936, na kazi yake ilikuwa ni kuonana, ukisimama kwenye hii uione ile upime pembe. Mtu anayetaka kuonana na mwenzake anatafuta pa wazi, sio lazima pawe juu kupita pote. Bikoni za kwetu nazo ni hivyohivyo, kwa hiyo usije ukaichukua bikoni ukaiita kilele bila kuhakiki.

Sasa leza inaingiaje. Ndege inapita juu ya eneo ikirusha mapigo ya mwanga chini, maelfu kwa maelfu kila sekunde, kila pigo likigonga kitu linarudi na mashine inahesabu limechukua muda gani. Mwanga unakwenda sentimita 30 ndani ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde, na kwa kuwa ni kwenda na kurudi, saa ikikosea kiasi hicho tu umeshapotea sentimita 15. GPS inasema ndege iko wapi, kifaa kingine kinasoma ndege imeinama vipi, vyote vikiunganishwa unapata wingu la nukta, kila nukta ina mahali pake na urefu wake. Kwenye miti ndo napapenda zaidi, maana pigo moja linagonga jani, sehemu yake inapenya inagonga tawi, na ya mwisho inagonga ardhi, kwa hiyo hata kilima chenye msitu unaweza kuuvua msitu wote ukakiona kilivyo.

Hapa Uingereza, Environment Agency, shirika la serikali la mazingira, wameachia data zao za leza bure tangu 2015, kwa sasa England karibu yote ina gridi ya mita moja, yaani ardhi imegawanywa miraba ya mita moja na kila mraba una urefu wake, na kosa la urefu ni kama sentimita 15. Nashusha faili, nalifungua kwenye QGIS, programu ya ramani ya bure hiyo, nachora kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zenye urefu sawa, za kila sentimita 10 badala ya zile za mita 10 za kwenye ramani. Kilima kilichokuwa kimechorwa duara moja kinafunguka kinakuwa na vichuguu vitatu vinne vinavyoshindana.

Hapa sasa ndipo wengi wanapokosea. Wanaiambia programu iwape pikseli, yaani mraba mmoja wa gridi, ya juu kuliko zote, wanaandika namba, wanafunga kompyuta. Jamani, hiyo pikseli ni kitu gani? Nimewahi kukuta "kilele" kimekaa kwenye mstari mnyoofu kama rula, mita mia na kitu, kumbe ni ukuta wa mawe wa kuzuia kondoo. Mara nyingine ni lile rundo la mawe ambalo wapandaji wameongeza jiwe mojamoja miaka na miaka. Na kinyume chake pia kipo: programu ya kuchuja inaona mwamba umechomoza ghafla, inadhani ni nyumba, inaufuta. Au jiwe la kilele ni dogo kama kigoda na mapigo yamepita pembeni yake yote, gridi ya mita moja haina habari nalo. Ndo maana kila mara narudi kwenye wingu la nukta lenyewe, naligeuza nalitazama kwa ubavu, naangalia nukta moja moja, halafu naweka picha ya angani chini yake.

Alafu kuna suala la urefu kutoka wapi. GPS inapima kutoka elipsoidi, umbo la dunia la kihesabu, na huku England tofauti yake na usawa wa bahari ni karibu mita 50, lazima uipunguze kwa kutumia modeli ya jioidi, yaani hesabu ya usawa wa bahari ungekuwa wapi kama ungeendelea mpaka chini ya nchi kavu. Calf Top, kule Cumbria, ulipimwa 2010 ukakosa kama sentimita 2 kufikia futi 2,000, yaani mita 609.6, na kwa orodha za huku chini ya hapo ni kilima tu. Mwaka 2016 modeli ya jioidi ikaboreshwa, hesabu zikarudiwa, ikatoka 609.606. Milimita 6! Hakuna aliyebeba hata kijiko cha udongo, kilichohama ni bahari ya kwenye hesabu. Kilimanjaro nayo, ile 5,895 tuliyokariri shuleni ni ya mwaka 1952, 1999 wakapima kwa GPS wakapata 5,892.55, watu wakasema mlima unazama. Hapana, mbinu imebadilika na namna ya kuihesabu bahari imebadilika.

Kwa hiyo leza ikishanipa sehemu tatu za kushindana, nabeba tripodi na GPS naenda. Kama tofauti ni mita nzima leza inatosha, ila ikiwa ndani ya sentimita 15 hizo, lazima mguu ufike. Kwenye mboji ya Kinder Scout fimbo ya antena ukiiachia tu inazama, naiwekea kibao cha mbao chini, naandika unene wa kibao, naiacha saa mbili kila sehemu bila kuisogelea maana hata hatua zangu zinaitikisa ardhi ile. Na mboji inavimba mvua ikinyesha, kiangazi inasinyaa, upepo unaila, kwa hiyo kwenye daftari langu pembeni ya kila urefu wa pale naandika na tarehe, na kama kulinyesha siku hiyo.