"Mtaa umetulia, kituoni hakuna kesi." Kesi zipi?

Dalali wa Dar es Salaam akitaka kukupangisha nyumba Mbezi au Kigamboni atakwambia, "Bosi, huku pametulia, hata kituoni hakuna kesi." Mwenyekiti wa mtaa naye, kwenye kikao cha hela ya ulinzi, anageuza kibao: "Kesi zimezidi, tuongeze mchango." Wote wawili wanalitumia daftari la polisi kama kipimajoto cha uhalifu. Jamani, lile ni daftari la watu waliokwenda kituoni. Basi.

Chukua simu iliyokwapuliwa na bodaboda pale Mwenge. Mwenye simu anachotaka ni laini yake irudi kabla ya jua kuzama, maana hela zake zimo humo. Anakimbilia duka la mtandao wa simu, anaweka kidole, laini imerudi. Kituoni hakanyagi. Akikanyaga, mara nyingi anafuata ripoti ya upotevu ya vitambulisho vilivyokuwa kwenye pochi, na ripoti ya upotevu inahusu vitu vilivyopotea. Wizi umeyeyuka hapohapo. Mlango ukivunjwa na televisheni ikaenda, majirani wanajaa na RB, yaani namba ya taarifa kwenye daftari la polisi, inachukuliwa. Gari likiibwa ndiyo kabisa: bila karatasi ya polisi, bima hailipi. Kwa hiyo mtaa wa wenye magari yenye bima kubwa unaweza kuonekana na kesi nyingi kuliko mtaa wa wapita kwa miguu wanaokwapuliwa kila wiki.

Kinachonichosha zaidi ni hiki. Kimefunguliwa kituo kidogo, au amekuja polisi kata, askari aliyepangiwa kata yenu, anayepokea simu na kuandika anachoambiwa. Matukio yanapanda kwenye karatasi. Kikao kinakasirika: tangu huyu aje, wizi umeongezeka! Hapana. Tangu aje, wizi umeandikwa. Kinyume chake, askari anayewarudisha watu na "kamalizaneni kwa mjumbe" anapata takwimu safi kama shuka la hoteli, na pengine anasifiwa.

Utatofautishaje? Tazama makosa ambayo watu huripoti vyovyote iwavyo: gari kuibwa, unyang'anyi wa kutumia silaha, mauaji. Hayo yakibaki palepale huku wizi mdogo ukiongezeka maradufu, uwezekano mkubwa ni kwamba kilichobadilika ni uandishi. Nakiri njia hii ina tundu. Katika mtaa mmoja makosa hayo ni machache mno kukuambia chochote, na ukipanda ngazi ya wilaya ili upate idadi ya kutosha, mtaa wako umeshamezwa. Dawa yake ni kuwauliza watu wenyewe, kaya kwa kaya, nini kiliwapata mwaka mzima, wawe waliripoti au hawakuripoti. Dar es Salaam ilifanyiwa uchunguzi wa namna hiyo mwaka 2000 chini ya mpango wa UN-Habitat wa miji salama. Ni kazi ya gharama, ndiyo maana watu wanarudi kwenye daftari.

Majina ya makosa nitayapita haraka. Wizi, kuvunja nyumba, unyang'anyi, na unyang'anyi wa kutumia silaha ni vitu vinne. Hilo la mwisho lina kifungo kisichopungua miaka 30. Ukiviita vyote "ujambazi" kwenye grupu la mtaa, umeichanganya simu iliyotoweka mezani na panga lililowekwa shingoni.

Sasa kugawanya kesi kwa idadi ya watu, ili upate kiwango. "Kinondoni inaongoza!" Kinondoni ipi? Sensa ya 2022 inaipa Manispaa ya Kinondoni watu 982,328. Lakini Mkoa wa Kipolisi Kinondoni, yaani eneo la kazi la polisi, unabeba na Ubungo, yenye watu 1,086,912. Ukichukua kesi za mkoa wa kipolisi ukazigawa kwa watu wa manispaa, kiwango chako kimezidi mara mbili bila kibaka mmoja kuongezeka. Temeke nako hivyohivyo: mkoa wake wa kipolisi unabeba na Kigamboni, watu 317,902.

Hata wakazi wenyewe si kigawanyo cha kila kitu. Wanaochomolewa pochi Kariakoo mchana wengi hawalali Kariakoo. Kuvunja nyumba, gawa kwa idadi ya kaya. Wizi wa saiti mira na taa za magari, gawa kwa magari yanayolala nje. Ukwapuaji ungegawanywa kwa wapita njia, ila hakuna anayewahesabu, kwa hiyo mimi huulinganisha mtaa na wenyewe tu, saa zilezile, msimu uleule.

Na tafadhali, asilimia za namba ndogo mziache. Kutoka nyumba 2 hadi 4 ni "ongezeko la asilimia 100", sawa, lakini mtaa ambao kwa wastani huvunjwa nyumba 4 kwa mwaka unaweza kupata 1 mwaka huu na 8 mwaka ujao kwa bahati tu.

Mkitaka namba zenu, fungueni daftari la mtaa na mjaze miezi 12, si wiki mbili za hasira. Andikeni tarehe, aina ya kosa, nyumba, walipopitia, kilichochukuliwa, na RB kama ipo. Saa ndiyo huharibiwa na karibu kila mtu: anaandika saa aliyogundua. Mtu ametoka saa 2 asubuhi, amerudi saa 12 jioni, amekuta mlango wazi, anaandika saa 12. Matokeo yake walinzi wanapangwa jioni, wakati wezi wanaingia saa 5 asubuhi. Andika saa zote mbili, kisha gawa tukio: saa 10 za kutokuwepo, kila saa ipewe 0.1. Jumlisha matukio yote, ndipo upange lindo.

Utakachokiona kwenye daftari hilo, kama umeandika nyumba na njia ya kuingilia, ni marudio. Nyumba iliyovunjwa ina hatari kubwa zaidi ya kuvunjwa tena, hasa wiki za mwanzo, na za jirani zinafuata. Mwizi ameshajua njia, na anajua utanunua televisheni nyingine. Kwa hiyo hela ya kwanza ya ulinzi iende pale walipopitia, siku ileile: nondo ichomelewe upya kwa ndani, bati lililofunuliwa lipigwe, tangi la maji lililogeuka ngazi lihamishwe. Ukuta mrefu na fensi ya umeme vinasaidia hadi anapovuka. Akishavuka, ukuta huohuo unamficha yeye.

Dalali akikuambia pametulia, mzungushe nyuma ya nyumba mtazame madirisha. Nondo moja ikiwa mpya kuliko wenzake, muulize iliwekwa lini.