Prodyuza wa filamu na bosi wa studio: nani ni nani?

Tuzo ya filamu bora ya Oscar inapotangazwa, anayekabidhiwa sanamu si mwigizaji mkuu wala mwongozaji. Ni prodyuza, mtu ambaye watazamaji wengi hawamjui hata kwa sura. Mwaka 1999, Shakespeare in Love iliposhinda, waliopokea walikuwa watano, na haikuchukua muda waandaaji wa tuzo wakaweka ukomo wa watu watatu. Swali lililowasumbua ndilo linalomsumbua mtu yeyote anayesoma majina mwanzoni mwa filamu: hawa wote walifanya nini?

Sisi wasema Kiswahili tuna tatizo letu la ziada. Prodyuza tumemzoea kwenye muziki. Ndiye anayetengeneza biti, anayekaa nyuma ya mashine, na kazi ya mikono yake unaisikia ndani ya wimbo wenyewe. Prodyuza wa filamu hagusi kamera, hahariri, na mara nyingi hata muswada hakuuandika yeye. Ndiyo maana wapo wanaomwita mtayarishaji, na mimi naona neno hilo linamfaa zaidi, kwa kuwa kutayarisha ndiko hasa anakofanya. "Studio" nayo inatupotosha. Katika filamu si chumba chenye maikrofoni, ni kampuni kubwa inayotoa fedha, kutengeneza na kusambaza, kama Paramount, Universal au Columbia. Bosi wa studio ni mwajiriwa wa kampuni hiyo. Prodyuza kwa kawaida si mwajiriwa wa mtu, na tofauti yao kubwa inaanzia hapo.

Kazi ya prodyuza huanza kabla hakijawepo chochote cha kupiga picha. Anasoma riwaya, au anasikia kisa, anaona ndani yake filamu, kisha anawahi haki zake kabla mwingine hajaamka. Mara nyingi hainunui hadithi moja kwa moja. Analipa kiasi kidogo ili mwenye nayo asimuuzie mtu mwingine kwa muda waliokubaliana, na muda huo ndio wa kukimbia huku na huko akitafuta mwandishi wa muswada, mwongozaji, mwigizaji mwenye jina na mtu wa kulipia yote hayo. Muda ukiisha hajafanikiwa, hadithi inarudi kwa mwenyewe na fedha zake zimekwenda.

Tumtazame David O. Selznick, prodyuza wa Hollywood. Mwaka 1936, wiki chache tu baada ya riwaya ya Gone with the Wind kutoka, alinunua haki zake kwa dola 50,000, na kwa wakati ule fedha hiyo ilikuwa nyingi. Mwezi Desemba 1938 alikuwa bado hajampata mwigizaji wa kuwa Scarlett, mhusika mkuu, lakini akaamuru upigaji picha uanze hivyo hivyo, kwa tukio la mji wa Atlanta kuteketea. Atlanta yenyewe ilikuwa nini? Ilikuwa ni seti kuukuu, yaani majengo ya kuigizia, zilizobaki uwanjani pa studio, zikiwemo za filamu ya King Kong. Alizitia moto, kamera zikanasa ndimi za moto, na kulipokucha uwanja ulikuwa mweupe, tayari kwa kujengwa seti mpya. Kwa moto mmoja alipata tukio na nafasi kwa pamoja. Ukitaka kuielewa akili ya prodyuza, usihangaike na kamusi. Kumbuka moto ule.

Baada ya hapo mambo yakavurugika. Mwongozaji wa kwanza, George Cukor, aliondolewa wiki chache baada ya kazi kuanza mwaka 1939. Akaja Victor Fleming, naye akachoka hadi Sam Wood akalazimika kushika usukani kwa muda. Waandishi walipishana mlangoni. Aliyekuwepo tangu siku ya kwanza hadi filamu inafika kwenye kumbi ni mmoja, Selznick. Filamu ikashinda Oscar, na mwaka uliofuata akarudia kwa Rebecca.

Kwenye seti, prodyuza anaishi na karatasi. Bajeti ya filamu ina mstari unaoigawa sehemu mbili. Juu ya mstari kuna wenye majina: mwandishi, mwongozaji, waigizaji wakuu na prodyuza mwenyewe. Chini yake wamo wengine wote pamoja na vitu vyote: mafundi taa, mafundi seremala, washonaji, magari, chakula, bima. Chini kabisa huwekwa akiba ya dharura, ambayo kwa desturi ni kama asilimia 10. Sasa fikiria ni saa kumi na moja alfajiri, tukio la leo ni la nje, na mvua inanyesha. Watu mia wamekwishafika na wanalipwa wakipiga picha au wasipopiga. Mwongozaji anataka kusubiri, kwa sababu jua likichomoza baada ya mvua mwanga unakuwa mzuri. Prodyuza anahesabu: tukisubiri hadi saa nne tunapoteza kurasa mbili za muswada, mwigizaji huyu mkataba wake unaisha Ijumaa, eneo hili kesho lina mtu mwingine. Anaagiza watu wahamie ndani wakapige tukio la jikoni lililopangwa wiki ijayo. Mwongozaji ananuna. Filamu haisimami. Siku kama hiyo hakuna mtazamaji atakayewahi kuijua, na maisha ya prodyuza mzuri yamejaa siku za namna hiyo.

Bosi wa studio je? Yeye habebi filamu moja, amebeba rundo. Mezani kwake panafika mawazo, miswada na maombi ambayo hawezi kuyasoma yote, hivyo ana wasomaji wanaomwandikia muhtasari na maoni, na chini yake wako wakuu wa vitengo wanaobeba miswada kwenda nayo nyumbani mwisho wa wiki. Kazi yake, ukiivua mapambo yote, ni kukataa. Studio hununua hadithi nyingi na kuzifanyia kazi miaka na miaka, lakini zinazowashiwa taa ya kijani, yaani zinazopewa fedha zianze kupigwa picha, ni chache. Zilizobaki hukaa kwenye makabati, au huachiwa studio nyingine izichukue kwa masharti.

Aliyeipa kazi hii sura yake ni Irving Thalberg. Alikabidhiwa uendeshaji wa studio za Universal akiwa na miaka kama 20 hivi, kisha mwaka 1924 akawa mkuu wa utengenezaji pale studio ya MGM ilipoundwa. Alikuwa na mazoea ya kuwaonyesha watu filamu kabla haijatoka, kusikiliza walipocheka na walipokohoa, kisha kurudisha waigizaji wakapige upya sehemu zilizopwaya. Jina lake hakuliweka kwenye filamu zake. Alifariki mwaka 1936 akiwa na miaka 37, na hadi leo Oscar hutoa heshima yenye jina lake kwa maprodyuza.

Akiwasha taa ya kijani kwa filamu isiyo sahihi, bosi anaweza kuangusha kampuni nzima. Studio ya United Artists ilitumia zaidi ya dola milioni 40 kwa Heaven's Gate ya mwaka 1980, watazamaji hawakuja, na mwaka uliofuata kampuni ikauzwa kwa MGM. Kuna pia bosi anayeogopa kwa akili. Titanic ilipokuwa ikimeza fedha, studio za Fox na Paramount zilikuwa wakigawana gharama, na Paramount chini ya Sherry Lansing ilikuwa imeufunga mchango wake kwenye dola milioni 65. Bajeti ilipopanda kuelekea milioni 200, ziada yote ilikuwa mzigo wa Fox. Filamu ikaja kuingiza zaidi ya dola bilioni moja. Mkataba ule, kwa maoni yangu, ni kazi ya sanaa kuliko matukio kadhaa ya filamu yenyewe.

Lansing anatufaa pia kueleza jinsi watu wanavyovuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Mwaka 1980 alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza utengenezaji katika studio kubwa ya Hollywood, nayo ilikuwa 20th Century Fox. Akaondoka, akaungana na Stanley Jaffe, wakawa maprodyuza. Filamu yao ya Fatal Attraction ilipoonyeshwa kwa watazamaji wa majaribio, mwisho wake haukuwaridhisha, ukapigwa upya. Ilipotoka mwaka 1987 ilivuma sana. Mwaka 1992 akarudi kwenye kiti cha ubosi, safari hii Paramount. Kuvuka huku ni jambo la kawaida, kwa sababu bosi anayeondolewa mara nyingi hapewi mkono mtupu. Hupewa ofisi na mkataba wa kuandaa filamu, kwa sharti kwamba studio ile ile izione kwanza kabla ya wengine. Mlango wa kutokea na wa kuingilia ni mmoja.

Kuvuka kwa upande mwingine ni kugumu zaidi. Mwingereza David Puttnam alikuwa prodyuza wa kupigiwa mfano, mshindi wa Oscar kwa Chariots of Fire. Mwaka 1986 akakabidhiwa Columbia. Alisema hadharani kwamba waigizaji nyota na mawakala wao wanalipwa kupita kiasi, na mwaka 1987 hakuwepo tena kitini. Ukiwa prodyuza unaweza kugombana na mtu mmoja kwa ajili ya filamu moja. Ukiwa bosi, huyo uliyegombana naye leo ana miswada mitano unayoihitaji kesho.

Kuhusu malipo, prodyuza hupata ada iliyo ndani ya bajeti, na akiwa na nguvu hupata sehemu ya mapato. Neno la kuangaliwa hapo ni "faida halisi", yaani kinachobaki baada ya gharama zote kukatwa. Mwandishi Art Buchwald na mshirika wake, prodyuza Alain Bernheim, waliishtaki Paramount wakidai kwamba Coming to America ya mwaka 1988 ilitokana na wazo la Buchwald. Filamu iliingiza mamilioni kwa mamia, na studio ikasema kwa vitabu vyake haijapata faida halisi hata kidogo. Ada za usambazaji, riba na gharama za ofisi zilikuwa zimeila yote. Mahakama iliona namna ile ya kukokotoa si ya haki, na mwaka 1992 ikaamuru walipwe jumla ya dola 900,000. Tangu hapo, na hata kabla yake, wajanja hudai asilimia ya mapato yanapoingia, kabla mhasibu hajayagusa.

Na yale majina mengi? Prodyuza mtendaji anaweza kuwa mtu aliyeleta fedha, au mwenye haki za kitabu, au meneja wa mwigizaji aliyetaka jina lake lionekane. Anayehesabu matumizi ya kila siku kwenye seti ana cheo kingine. Ili kupunguza vurugu, chama cha maprodyuza wa Marekani kilianza mwaka 2012 kuthibitisha herufi p.g.a. ziwekwe baada ya jina la aliyefanya sehemu kubwa ya kazi. Herufi hizo ndogo ndizo za kutafuta.

Jina la bosi wa studio, kwa upande wake, kwa kawaida hulioni kabisa. Alan Ladd Jr. alianza kama wakala wa waigizaji, na alipokuwa akiongoza Fox alimwamini mwongozaji George Lucas wakati Universal na United Artists walikuwa wameikataa hadithi yake ya vita vya angani. Bodi ya kampuni ilikuwa na mashaka. Tarehe 25 Mei 1977 Star Wars ilifunguliwa katika kumbi zisizofika 50, na foleni zikazunguka mitaa. Ilipoteuliwa kuwania filamu bora, jina lililoandikwa lilikuwa la prodyuza, Gary Kurtz. Mwaka 1979 Ladd akaacha kazi, akafungua kampuni yake. Kampuni hiyo ilishiriki katika Chariots of Fire, lakini sanamu ilikwenda kwa Puttnam. Akaenda kuongoza MGM, akaondoka tena, safari hii akiwa amebeba muswada uliokuwa ukifanyiwa kazi pale. Ulikuwa wa Braveheart. Mwaka 1996, Oscar ilipofika kwenye filamu bora, Ladd alisimama jukwaani pamoja na Mel Gibson na Bruce Davey, akapokea ya kwake.