Mnapika data ili mpate g ya London

Wiki iliyopita nilikuwa nasahihisha ripoti za pendulamu, ile gololi inayobembea kwenye kamba. Moja ilikuwa safi mno, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Palipoandikwa sekunde 40.1 kwa mibembeo 20 palikuwa pamepitishwa ufutio, na chini yake 40.2 bado inasomeka. Kamba ya mita 1. Ukitumia 40.1 unapata g, yaani mchapuko wa kitu kinachoanguka kwa mvutano wa Dunia, ya 9.82 (m/s²), ukitumia 40.2 unapata 9.77. Nikamwita mwenyewe. "Mwalimu, ilikataa kufika 9.81," akanijibu, wala hakuona aibu.

Kati ya dhana zote potofu ninazokutana nazo maabara, hii ndiyo inayonichosha: kwamba jibu la praktiko limeshaandikwa kitabuni, na kazi ya mwanafunzi ni kulifikia kwa njia yoyote ile.

Kwanza, hiyo 9.81 si ya kwetu. Ni ya London na majirani zake. Hata 9.80665, kiwango cha kimataifa kilichopitishwa mwaka 1901, ilikusudiwa latitudo ya nyuzi 45. Dunia inajizungusha na imetanuka kiunoni, ndiyo maana g ni kama 9.832 kwenye ncha na 9.780 tu kwenye ikweta. Dar es Salaam, nyuzi 7 hivi kusini, tuna 9.78. Nairobi, kule juu karibu mita 1,700, ni pungufu kidogo tena. Kwa hiyo kijana wangu alikuwa na jibu zuri mkononi, akalifuta, akaandika lililo mbali zaidi na ukweli.

Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikuwa Cayenne, Amerika ya Kusini, nyuzi 5 hivi kaskazini mwa ikweta. Saa yake ya pendulamu, iliyorekebishwa Paris, ikawa inachelewa zaidi ya dakika 2 kila siku. Angekuwa mwanafunzi wangu angeandika "saa ni mbovu" au angepika namba. Yeye aliifupisha pendulamu kwa milimita chache mpaka ikaenda sawa, akaripoti alichokiona. Newton aliutumia ushahidi huo katika kitabu chake cha 1687 kuonyesha kwamba Dunia si mpira kamili.

Pili, na hili ndilo hasa la takwimu: 9.77 peke yake haijasema chochote. Kidole kwenye stopwochi kinaweza kukosea kama sekunde 0.2. Katika sekunde 40 hiyo ni asilimia 0.5, na kwa kuwa muda unapigwa kipeo cha pili, kwenye g inakuwa asilimia 1. Andika 9.77 ± 0.10. Ukishaandika hivyo utaona kwamba 9.78 imo ndani, na 9.81 imo pia. Kifaa chako hakina uwezo wa kuzitenganisha: kwa kamba ya mita 1, tofauti ya g ya London na ya Dar kwenye mibembeo 20 ni sekunde 0.06 tu. Kijana alihatarisha maksi zake kwa tofauti ambayo kidole chake hakiwezi kuihisi. Angetaka kukaribia, angehesabu mibembeo 100.

Kwangu sasa data inaandikwa kwa kalamu ya wino. Ukikosea, piga mstari mmoja, andika pembeni. Penseli nimezipiga marufuku, na wanaonuna wanune.

Ndugu yake dhana hiyo ni ile ya kwamba kila nukta lazima iguse mstari wa grafu. La. Kama vijiti vyako vya makosa (mistari inayoonyesha kila nukta inaweza kukosea kiasi gani) ni vya mchepuko sanifu mmoja, kipimo cha kawaida cha mtawanyiko wa vipimo, karibu theluthi ya nukta zinatakiwa ziukose mstari hata na vijiti vyake. Ukiniletea nukta kumi zimenyooka kama askari wa gwaride, ninaanza kutafuta ufutio.

"Makosa ya kibinadamu." Hili neno katika hitimisho ninalikata bila kusoma sentensi iliyobaki. Nani alikosea nini, na kosa lilisukuma jibu upande gani? Mfano halisi: wengi wenu mnapima kamba mpaka juu ya gololi badala ya katikati yake. Gololi ya nusu kipenyo sentimita 1 inakuibia asilimia 1 ya urefu, na g inashuka kwa kiasi hichohicho.

Kurudia mara nyingi hakuliponyi kosa hilo. Wastani wa vipimo 16 unapunguza kosa la nasibu mpaka robo, kwa sababu ya kipeuo cha pili cha n, idadi ya vipimo, lakini aliyepima vibaya mara 16 ana jibu baya lililokaa imara. Dawa ni kubadilisha urefu wa kamba na kuchora T² dhidi ya L (T ni muda wa mbembeo mmoja, L ni urefu wa kamba): mteremko, ambao ndio unaotoa g, hauguswi na ile sentimita, mstari unahama tu usipite sifuri. Na nyie mnaulazimisha upite sifuri! Mnaifukuza taarifa yenyewe.

La mwisho ni la wanaosema hisabati tupu haiwahusu, na kwamba sin θ = θ, θ ikiwa pembe ya kuachia kamba, ni uongo wa walimu wa fizikia. Ni makadirio, na ule mfululizo wa hisabati mnaoukimbia ndio unaotaja bei yake: muda unaongezeka kwa sehemu θ²/16 hivi, θ ikiwa kwa radiani. Ukiachia kutoka nyuzi 10, g inashuka kwa 0.04 tu. Ukiachia kutoka nyuzi 30, unapata kama 9.45. Kwa hiyo kabla hamjaja kuniambia stopwochi ya maabara ni mbovu, ulizaneni kwanza nani aliivuta kamba, na aliivuta mpaka wapi.