Foklifti ya dizeli haiwaki? Pima nyaya kabla ya kununua stata

Foklifti ikigoma kuwaka, wa kwanza kulaumiwa ni betri, wa pili stata, yaani mota inayozungusha injini ili iwake. Mimi ni fundi umeme wa mitambo, na stata nyingi ninazoletewa kama mbovu ni nzima. Zimenyimwa umeme tu.

Tuchukue hali ya kugeuza ufunguo ukasikia "tak" moja. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imetulia, husoma kama 12.6. Usiridhike na namba hiyo, maana betri haijabeba mzigo. Shusha uma, vuta breki ya mkono, weka nyutro, kisha chomoa waya wa solenoidi ya mafuta (vali ya umeme inayofungulia mafuta) kwenye pampu ili injini isiwake. Mwenzako apige stata wewe ukisoma multimita (kipimo cha umeme) kwenye betri. Volti zikianguka chini ya 9.6, chaji betri uipime upya. Zikibaki 11 au 12 na stata bado inagonga tu, fuata nyaya.

Gusisha waya mwekundu wa multimita kwenye kichwa chenyewe cha chanya cha betri, si kwenye teminali iliyokivaa, na mweusi kwenye bolti kubwa ya stata. Stata ikipigwa, namba ya multimita isizidi volti 0.5. Kisha upande wa hasi: bodi ya stata mpaka kichwa cha hasi, isizidi 0.3. Hapa ndipo ninapokamata makosa mengi. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo hasi hutegemea mkanda wa shaba unaoiunganisha na chesisi. Kwenye bandari kama Dar es Salaam au Mombasa chumvi huula mkanda huo taratibu. Juu unaonekana mzima, ukifungua bolti unakuta unga wa kijani. Kwangua mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi. Vipimo vya pande zote mbili vikiwa sawa, basi fungua stata.

Ukigeuza ufunguo stata ikiwa kimya kabisa, pima waya mwembamba wa solenoidi ya stata (swichi ya umeme inayoiwasha) ufunguo ukiwa umegeuzwa. Hakuna volti? Rudi nyuma: fyuzi, relei (swichi inayoendeshwa na umeme), swichi ya nyutro kwenye mkono wa gia, inayozuia stata mashine ikiwa kwenye gia. Tafadhali, usiunganishe bolti za stata kwa bisibisi ili kuipiga. Unairuka swichi ya nyutro, na mashine ikiwa kwenye gia itakubana ukutani.

Injini inazunguka vizuri lakini haiwaki? Rudisha ule waya wa pampu, washa ufunguo, usikilize solenoidi ya mafuta ikigonga. Asubuhi za baridi kama za Mafinga, pima pia plagi za kupasha joto.