Dakika 15 Kabla ya Kupanda Jukwaani

Nimefundisha na kuamua midahalo ya wanafunzi kwa muda mrefu, na bado nawaonea huruma wasemaji wenye ulimi mtamu wanaoishia kushika mkia. Mtu anashuka jukwaani kwa makofi, matokeo yanasomwa, timu yake ni ya nne kati ya nne. Akija kuniuliza kulikoni, jibu langu halibadiliki: ulidai mengi, hukuthibitisha hata moja.

Nichukue mfumo wa Bunge la Uingereza, ule wa mashindano ya dunia ya vyuo vikuu. Timu ni 4 za watu wawiliwawili, mbili upande wa serikali na mbili upinzani. Kila msemaji ana dakika 7. Mada ikishatangazwa mna dakika 15 za kujiandaa, bila intaneti wala kocha. Wengi huzipoteza kwa kuandika utangulizi wa kuvutia.

Mimi huwataka wanafunzi wangu wakae kimya dakika mbili za mwanzo, kila mmoja na karatasi yake. Mkianza kuongea papo hapo, mwenye sauti kubwa ndiye atakayefikiri kwa niaba yenu wote. Baada ya hapo linganisheni mlichoandika, mchague hoja mbili, basi. Hoja tano ndani ya dakika 7 ni orodha ya vichwa vya habari.

Tuseme mada ni hii: Bunge hili litafuta kazi za nyumbani shuleni. Msemaji mchanga atasema zinachosha wanafunzi. Kweli, na hata kusoma kunachosha, kwa hiyo? Hoja lazima itembee hatua kwa hatua. Mtoto ambaye mzazi wake amesoma anapata wa kumwelekeza jioni, mwenzake hana. Kesho yake mwalimu anasahihisha madaftari yote mawili kwa kalamu moja, na tofauti ya msaada anaisoma kama tofauti ya akili. Wa kwanza anapewa maswali magumu zaidi, wa pili anaachwa nyuma. Hapo jaji ameona madhara yanatokea wapi, yanampata nani, na kwa nini hayajirekebishi yenyewe.

Wapinzani watasimama waseme mazoezi hujenga kumbukumbu. Usikimbilie kuwaita waongo, maana hapo wana haki. Kubali, kisha uliza kwa nini mazoezi hayo yasifanyike darasani, mwalimu akiwepo na kila mtoto akipata msaada uleule. Faida yao inakuwa yenu pia, wao wanabaki na madhara. Maneno mawili, “hata kama”, yameshinda midahalo mingi kuliko misamiati yote ya kuazima niliyowahi kuisikia.

Ili uyatumie, sharti uwe umewasikiliza. Igawe karatasi safu mbili: kushoto walichosema wao, kulia jibu lako. Kwenye safu ya kushoto andika maneno yao walivyoyatamka, si unavyotamani wangeyatamka. Jaji naye ana karatasi yake, na ukimjibu mtu kwa jambo ambalo hakulisema, analiona.

Kuhusu taarifa, yaani maswali mafupi ambayo upande wa pili huinuka kuuliza: dakika ya kwanza na ya mwisho huruhusiwi kumwingilia msemaji. Katikati, pokea moja au mbili, ukiwa umemaliza sentensi yako. (Na wewe unayeinuka kila sekunde kumi, unajichosha bure.) Timu za pili za kila upande zina kibarua cha ziada, kwani lazima zilete jambo ambalo wenzao hawakuligusa. Kurudia kwa ufasaha hakuhesabiki.

Mashindano ya dunia ya shule za sekondari yana utaratibu mwingine: wasemaji 3 kila timu, dakika 8 kwa kila mmoja, na hotuba ya majumuisho ya dakika 4. Alama 40 ni za maudhui, 40 za uwasilishaji, 20 za mkakati. Kwa hiyo sauti na mkao vina thamani yake huko, nakubali.

Mazoezini huwa sibadilishi mada kila wiki. Mwanafunzi anatoa hotuba, tunaichambua, anapumzika dakika 10, kisha anaitoa tena ileile. Mara ya tatu namhamishia upande wa pili, aibomoe hoja aliyoijenga mwenyewe. Wengi hununa kwanza.