Je, wajua kwa nini kipande cha sabuni huziba tangi la petroli linalovuja?

Mara ya kwanza kuliona jambo hili nilikuwa bado mwanafunzi, kwenye barabara ya vumbi kati ya Korogwe na Handeni. Land Rover 109 ya mjomba, iliyokuwa na umri kunizidi mimi, ilipigwa na jiwe uvunguni. Petroli ikaanza kudondoka, mchanga unainywa. Mimi nikajua safari imeishia hapo. Utingo wala hakushtuka. Alikwenda nyumba ya jirani, akarudi na kipande cha sabuni ya mche, akalala chali chini ya gari na kuanza kusugua pale penye ufa, huku na huku, kama anayepaka nta. Dakika chache baadaye tone la mwisho lilining'inia pale, likagoma kuanguka. Tukafika.

Kilichonisumbua njiani ni hiki: mafundi huoshea grisi kwa petroli. Mafuta yaliyoganda kwenye beringi, petroli inayaondoa yote. Na sabuni hupikwa kwa mafuta. Sasa mbona petroli haikuiyeyusha?

Jibu liko kwenye sufuria la mpika sabuni. Chukua yule wa Kigoma anayetumia mawese: akiyachanganya na kostiki soda, mafuta yanavunjika, na kila uzi wake unapewa kichwa cha sodiamu. Kuanzia hapo si mafuta tena. Kikemia, sabuni ni chumvi. Vichwa vile vina chaji za umeme na vinashikana kwa nguvu, kama zinavyoshikana chembe za chumvi ya mezani. Petroli nayo ni minyororo mifupi ya kaboni na haidrojeni, kaboni kama 4 hadi 12 kwa kila mnyororo, haina chaji ya kuweza kuvitenganisha. Tupia chumvi kwenye petroli uone: itazama na kukaa chini vilevile. Maji ndiyo yenye uwezo huo, ndiyo maana chumvi na sabuni vyote huyeyuka humo.

Wapo wanaobandika bigijii iliyotafunwa. Bigijii ni jamaa ya mpira, na petroli huulainisha mpira wa aina hiyo, kwa hiyo usishangae ikianza kuteleza kabla hujafika mjini. Sabuni ya unga haifai hata kujaribu. Halafu kuna jambo wengi hawalijui: grisi nyingi tunazozipaka kwenye magari ni mafuta ya kulainishia yaliyogandishwa kwa sabuni, mara nyingi ya lithiamu. Kwa hiyo sabuni na gereji ni ndugu wa siku nyingi.

Lakini sabuni inashinda pale tu ambapo msukumo ni mdogo. Ndani ya tangi, kinachosukuma petroli itoke ni uzito wake wenyewe. Petroli yenye kina cha sentimita 30 inasukuma kwa kiasi cha baa 0.02 tu (baa ni kipimo cha msukumo). Hata paipu la gari la kabureta lina msukumo mdogo. Ila gari lenye injekta, yaani vinyunyizio vya petroli, lina pampu inayosukuma karibu baa 3, zaidi ya mara 100 ya ile ya tangini. Paipu la namna hiyo likivuja, petroli haidondoki, inaruka kama manyunyu, na injini iko hapo hapo imechemka. Gari hilo lizime, ulivute.

Adui mwingine wa sabuni ni maji, na si ya mvua na madimbwi peke yake. Tangi la zamani lina maji ndani. Unyevu wa hewa hugeuka matone usiku, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, yanazama na kukaa sakafuni mwa tangi. Ndiyo sababu matangi mengi hutobolewa na kutu upande wa chini. Maana yake, sabuni uliyoibandika inaweza kulainishwa kutoka ndani wakati wewe unaikagua kwa nje na kusema iko salama.

Ukishafika nyumbani, usiweke spana mkononi kabla hujajua tundu liko wapi. Petroli hupenda kutokea juu, ikatambaa kwenye chuma, ikadondokea mahali pengine kabisa. Gari liwe nje, betri imefunguliwa, jiko la mkaa liko mbali. Futa pakauke, kisha fuata unyevu kuelekea juu. Mara nyingi mkosaji ni mpira wa mafuta. Ukunje kidogo, ukiona nyufa nyufa kama kisigino kilichopasuka, badilisha, na uweke mpira uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta, siyo kipande cha bomba la bustani. Funga klipu mpya.

Kama ni tangi lenyewe, toa petroli yote, piga msasa mpaka chuma kiwe cheupe, futa, kisha bandika gundi ya epoksi ambayo pakiti yake imeandikwa kwamba inahimili petroli. Iache ikauke kwa muda ulioandikwa hapo. Gundi ya namna hii haishiki juu ya sabuni, kwa hiyo osha kwanza na ukaushe.

Kuchomelea usijaribu nyumbani, hata kama tangi limekaa tupu wiki nzima. Hewa yenye mvuke wa petroli kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hulipuka kwa cheche. Nilipopiga hesabu kwa tangi la lita 50 nilishtuka: petroli ya kijiko kimoja cha chai, ikigeuka mvuke humo ndani, inatosha. Tangi lililojaa lina nafasi ndogo ya hewa; tangi "tupu" ndilo bomu. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne, hutambaa chini na kutulia kwenye shimo la gereji, mahali ambapo fundi anasimama.

Tangi la mjomba lilichomelewa, ila na fundi mzee wa kazi hiyo. Kwanza alilishusha, akaliosha, kisha akalijaza maji mpaka shingoni ili mvuke usipate pa kukaa. Tukasubiri. Ile sabuni iliyoizuia petroli kuanzia Korogwe ilianza kutoa povu jeupe, maji yakafuatia, na tundu likajionyesha lenyewe.