Kwa nini gesi ya Mnazi Bay haijazwi kwenye mtungi wa jikoni

Kila bei ya mtungi inapopanda hapa Mtwara huulizwa swali lilelile, na safari hii aliyeniuliza ni mwalimu mwenzangu wa sayansi: gesi inachimbwa Mnazi Bay na kusafishwa Madimba, kwa nini basi tupikie gesi iliyoagizwa ng'ambo kwa meli? Wengi wameshaamini kwamba jibu ni siasa tupu. Siasa na biashara zina nafasi yake, lakini kabla yake kuna sifa za maada, na hizo hazibembelezeki.

Gesi yetu, kama ile ya Songo Songo, karibu yote ni methani, ilhali mtungini mna propani na butani. Zote ni hidrokaboni, zote huwaka, na zote hazina harufu mpaka zitiwe. Undugu wao unaishia hapo.

Walimu wengi hujibu kwa kutaja viwango vya kuchemka, yaani nyuzi −42 za Selsiasi kwa propani na karibu −161 kwa methani, kisha wakanyamaza. Jibu hilo halitoshi, na linanikera kwa sababu linafanana mno na jibu kamili. Propani nayo huchemka kwenye baridi ambayo Mtwara haijapata kuijua, lakini ndani ya mtungi ni kimiminika kwa sababu imegandamizwa. Kwa nini methani isigandamizwe vivyo hivyo? Kwa sababu kila dutu ina jotoridi la ukomo, ambalo juu yake hakuna mgandamizo wowote unaoweza kuifanya iwe kimiminika. Mwanasayansi Thomas Andrews alilionyesha jambo hili mwaka 1869 kwa kabonidayoksaidi, ambayo ukomo wake ni nyuzi 31 hivi. Ukomo wa propani ni takriban nyuzi 97, wa butani 152, na wa methani −82. Kwa joto letu la nyuzi 30, unaweza kuikandamiza methani hadi mara 200 ya mgandamizo wa hewa, kama ifanywavyo kwenye magari, nayo itazidi kusongamana tu bila kuwa kimiminika. Mtungi wa jikoni hutengenezwa kuhimili sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo.

Methani iliyobanwa namna hiyo si gesi kama tunavyoifundisha, wala si kimiminika, kwa kuwa mpaka kati ya hali hizo mbili umekwisha kufutika. Sijapata njia ya kulieleza hili kwa kidato cha kwanza bila kuvunja jedwali la hali tatu za maada, na ninazidi kushuku kwamba kosa liko kwenye jedwali lenyewe.

Zinabaki njia mbili. Ya kwanza ni kuipoza hadi karibu nyuzi −162, ambako ujazo wake hupungua takriban mara 600. Huo ndio msingi wa mradi wa gesi ya kimiminika (LNG) uliopangwa kujengwa Likong'o, Lindi, na si kazi ya jikoni. Ya pili ni bomba hadi nyumbani, na baadhi ya nyumba za Mtwara zimekwisha kuunganishwa.

Anayehama kutoka mtungi kwenda bomba abadilishe nozeli za jiko, yaani vitundu vinavyotolea gesi, kwani kwa ujazo uleule methani hutoa chini ya nusu ya nishati ya propani. Abadilishe pia tahadhari zake: molekuli ya methani ina uzito wa 16 dhidi ya wastani wa 29 wa hewa, hivyo ikivuja hupanda darini, ilhali propani yenye 44 na butani yenye 58 hutambaa sakafuni. Tundu la hewa la juu ya ukuta, ambalo mafundi wengi huliziba, ndilo litakalohitajika.